Barabara za mtaani: makusanyo ya ndani au mkopo?

Halmashauri ikijenga kwa makusanyo yake (leseni, ushuru wa huduma, ada za masoko) haidaiwi na mtu na bajeti inasimama sawa. Ila asilimia 10 ya mapato hayo ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, uendeshaji nao una zake, na kinachobaki mara nyingi kinatosha kumwaga kifusi tu. Mtaani kwetu kifusi huondoka na mvua za kwanza za masika. Mama ntilie wa kona anapandisha jiko juu ya matofali, bajaji zinageuzia njiani.

Mkopo ni habari nyingine. Mradi wa DMDP, wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 ulioidhinishwa 2015, ulileta lami na mitaro ya zege Kinondoni, Ilala na Temeke. Deni hilo ni la Serikali Kuu, kwa hiyo hata mkulima wa Kigoma analilipa. Hilo linaniuma.

Hata hivyo, kwa mitaro mikubwa nachagua mkopo: itatumika miaka mingi, na watakaoitumia wachangie kuilipia. Kuizibua ndiyo kazi ya makusanyo ya ndani, kila mwaka, kabla ya Machi.