Walishusha injini nzima, moshi ukabaki: uzoefu wangu na gereji moja ya Tanga

Gereji yenyewe sitaitaja jina. Iko hapa hapa Tanga mjini, na kwa kazi ya pampu ya dizeli na nozeli bado naamini ni mafundi wazuri. Hilo nalisema mapema ili nisionekane nimekuja kuwachafulia. Tatizo lao ni kutosikiliza.

Fuso yangu ya zamani, inayobeba machungwa kutoka Muheza, ilianza kutoa moshi mwingi kwenye bomba la kupumulia la injini (si egzosi, ni lile bomba dogo linalotoa presha ya ndani ya injini), na oili ikawa inarukia chasisi. Fundi mkuu alifungua mfuniko wa kutilia oili, akaugeuza na kuuegesha juu ya tundu lake injini ikiwa inaunguruma, nao ukarukaruka hadi ukaanguka. Papo hapo akakata shauri kwamba ringi za pistoni zimekwisha, gesi inapenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo injini ishushwe. Kipimo hicho sikipingi, lakini kinaonyesha tu kwamba ndani ya injini kuna presha iliyozidi. Hakisemi presha hiyo imetoka wapi. Kompresheni (nguvu ya mgandamizo) hakupima hata silinda moja.

Nilimweleza kwamba kila asubuhi dereva wangu anapofungua koki ya mtungi wa upepo wa breki ili kumwaga maji, hutoka maji yaliyochanganyika na oili nyeusi, nzito, inayonata vidoleni. Hakuniangalia. Alijifuta mikono kwa tambara, akasema mbele ya vijana wake wote, "Mama, wewe lete hela ya vipuri, injini tuachie wanaume." Vijana wakacheka.

Injini ikashushwa, ringi na slivu zikabadilishwa, mapato ya msimu mzima wa machungwa yakaishia humo, na moshi ukabaki vile vile. Niliporudi kulalamika niliambiwa ringi mpya bado hazijakaa. Ni kweli ringi mpya huhitaji muda wa kukaa, basi nikavumilia, gari likatembea sana, na hakuna kilichobadilika.

Aliyelimaliza jambo hili ni mzee mmoja wa Pongwe. Nilipomwamkia tu, kabla hata hajainua kabini, aliniuliza, "Mwanangu, mitungi ya upepo ukiimwaga inatoa nini?" Aliwasha injini mitungi ikiwa mitupu, akanisimamisha karibu na bomba la kupumulia, yeye akitazama geji. Upepo ulipokuwa ukipanda, moshi ulitoka kwa nguvu. Mshale ulipokaribia 8 na kompresa, yaani pampu inayojaza upepo mitungini, ikaacha kujaza, moshi ukapungua mbele ya macho yangu. Akakanyaga breki mara kadhaa hadi upepo ukashuka, kompresa ikaanza kujaza tena, na moshi ukarudi. Kompresa ile hulainishwa na oili ya injini, na oili hiyo hurudi kwenye sampu. Ringi zake zikilika, upepo hupenya na kuingia ndani ya injini, na oili nayo hupanda mitungini. Ndiyo ile niliyoitaja siku ya kwanza, nikachekwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwashauri wenzangu wawapelekee pampu tu, kazi ya injini watafute kwingine. Sasa nimebadili shauri. Hata pampu sitawapelekea, mpaka yule fundi mkuu aniombe radhi mbele ya vijana wale wale.