Darsa ya maneno ya rangi katika Qur'ani, Pangani: inafaa kuhudhuriwa?

Darsa hii hufanyika Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, katika ukumbi ulio juu ya maduka mtaani Pangani, na mada ya muhula uliokwisha ilikuwa maneno ya rangi yaliyomo katika Qur'ani. Darsa nyingi za tafsiri hapa Nairobi hukimbilia mawaidha. Hii husimama juu ya neno mpaka lieleweke.

Kikao kilichonivutia kuliko vyote kilihusu ng'ombe ambaye Bani Israili waliamrishwa wamchinje, katika Sura al-Baqara, aya ya 69. Aya inamsifu kuwa ni *safraa*, wa njano, kisha inaongeza *faaqi'*. Ustadhi alieleza kwamba Waarabu huipa rangi neno lake maalumu la kuikoleza: *faaqi'* kwa njano, *qaani'* kwa nyekundu, *naasi'* kwa nyeupe, *haalik* kwa nyeusi. Alipotutaka tutaje ya kwetu, majibu yalitoka bila kufikiri: nyeupe pepepe, nyeusi tititi, nyekundu ndu. Njano haikupata kitu, kwa kuwa rangi hiyo tumeiazima kwenye bizari na hatujaipa mlio wake, hivyo mfasiri wa Kiswahili hulazimika kusema tu kwamba imekoza. Jambo hili si pambo la lugha. Imepokewa kutoka kwa Hasan al-Basri kwamba *safraa* hapa ina maana ya nyeusi, na miongoni mwa hoja za walioikataa rai hiyo ni kwamba *faaqi'* haifuati weusi.

Kuhusu nyuso, ustadhi alikuwa makini, na katika jiji lenye watu wa asili nyingi kama hili umakini huo ni wajibu. Alituonyesha kwamba Sura Aal Imran, aya ya 106, inatumia vitenzi: nyuso zitakazong'aa weupe na nyuso zitakazosawijika Siku ya Kiyama. Ni hali inayomfika mtu, wala si rangi ya ngozi aliyozaliwa nayo. Vivyo hivyo katika an-Nahl, aya ya 58, uso wa baba husawijika anapobashiriwa mtoto wa kike, na weupe nao si heri kila mahali, kwani macho ya Nabii Yaaqub yaligeuka meupe kwa huzuni. Kisha akatusomea ar-Rum, aya ya 22, inayohesabu tofauti za ndimi na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu.

Kijani kilipitiwa haraka, pamoja na *mudhaammataan*, neno ambalo peke yake ni aya nzima katika ar-Rahman na linaloeleza bustani zilizokoza ukijani hadi zikakaribia weusi. Hilo ninalisamehe. Nisilolisamehe ni *zurqan* ya Sura Ta-Ha, aya ya 102, kupewa dakika chache za mwisho huku watu wakikunja mikeka. Hapo ndipo pekee rangi ya buluu inapotajwa, nayo inahusu wahalifu watakapokusanywa. Wafasiri wametofautiana kama ni ubuluu wa macho, upofu au athari ya kiu kali, na az-Zamakhshari amekumbusha kwamba Waarabu waliyachukia macho ya buluu kwa kuwa yalikuwa ya Warumi, adui zao. Neno hilo lilistahili Jumamosi yake.

Kijitabu cha darsa kimetolewa nakala nyeusi na nyeupe, jambo la kuchekesha kwa mada hii, na aya zimeandikwa bila tafsiri. Kipaza sauti cha upande wa kina mama hukatika mara kwa mara. Asiyejua kusoma Kiarabu atachoka mapema. Ajuaye kidogo atafaidika sana, hasa akija na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapishwa papa hapa Nairobi na Islamic Foundation mwaka 1969, ili alinganishe mwenyewe badala ya kutegemea kijitabu.