Nimeagiza kompyuta ya gemu Dar nikiwa Mtwara: mashine ni yenyewe, pawa saplai nusura nipigwe

Wenye haraka nawapa jibu kabisa. Mashine nzuri, kadi ya picha ni ile ile niliyoahidiwa, bei haikuwa ya wizi, ila pawa saplai (kile kiboksi kinacholisha mashine umeme) waliyoniwekea sio niliyolipia na namna walivyofunga mzigo ni aibu. Duka lipo Kariakoo, jina sitaji, maana walirekebisha ingawa kwa kuvutana.

Mi nipo Magomeni hapa Mtwara mjini, kazi yangu kuedit video za harusi na shughuli za kumtoa mwali, usiku nikimaliza nacheza gemu. Laptop yangu ilishachoka, nikiiambia itoe video ya saa moja nalala nayo inaunguruma mpaka adhana ya alfajiri na bado asilimia 60. Msimu huu mama kanimegea kidogo kwenye malipo ya korosho, nikaongezea na hela ya harusi mbili, nikasema sasa basi.

Kwanini sikununua vipuri nijifungie mwenyewe? Nilipiga hesabu, ningeokoa kama laki mbili hivi, lakini ningetakiwa kununua kwenye maduka matano tofauti Kariakoo na mimi niko kilomita karibu 560 kutoka hapo, kitu kimoja kikifika kibovu kila muuzaji atasema sio changu ni cha mwenzangu. Ukinunua iliyofungwa tayari una mtu mmoja wa kumkaba. Hiyo ndo faida yenyewe, laki mbili nimenunua koo moja la kukaba.

Tuliyokubaliana: prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya picha RTX 3060 ya GB 12, RAM GB 16 za vipande viwili vya nane nane, SSD ya NVMe (diski ya kuhifadhia, ile ya kasi) TB 1, pawa saplai wati 650 yenye 80 Plus Bronze, yaani cheti cha kwamba haipotezi umeme ovyo. Bei 2,350,000 na mzigo wa basi 25,000. Monita nilikuwa nayo.

Muuzaji kwenye simu mchangamfu sana, akaniuliza "dada, shemeji anapenda gemu gani nikuwekee kabisa?" Nikamwambia shemeji yako hayupo, nacheza mimi. Kimya kama dakika mbili hivi, halafu "hahaha sawa boss". Kuanzia hapo nimekuwa boss, na kiukweli majibu yakaanza kuja ya maana zaidi, sijui kwanini hatukuanza hivyo.

Kabla ya kulipa nilimwomba picha ya ndani, namba ya utambulisho ya kadi ya picha (serial number) na risiti ya EFD iliyoandika kila kitu. Vyote akatuma. Kosa langu ni kwamba kwenye picha pawa saplai haionekani, kasha za siku hizi zina kava chini inaificha yote, na mi nikaona taa za rangi rangi nikaridhika. Nikamwambia pia kadi aichomoe aifunge pembeni maana ni nzito na barabara yetu anaijua, akajibu "usijali boss, tunatuma mpaka Mwanza". Mwanza lami imelala jamani. Huku kwetu tangu kimbunga Hidaya mwezi wa 5 mwaka 2024 kikate barabara pale Somanga, mtu akisikia "natuma Kusini" inabidi ajiulize mara mbili.

Basi likafika stendi ya Mkanaledi saa mbili usiku. Boksi limelazwa ubavu, mshale wa kuonyesha juu unaangalia Masasi, na juu yake kuna kiroba sijui cha nini. Kona moja imebonyea. Konda ananiambia "saini hapa dada'ngu tuondoke", nikamwambia subiri, mdogo wangu akawasha simu akaanza kurekodi kuanzia ile kona, tukazunguka boksi lote, na kwenye karatasi nikaandika "kona imebonyea" ndo nikasaini. Konda akanuna. Anune tu, ile video ndo ilikuja kuniokoa baadae.

Nyumbani sikuichomeka. Hapa ndo wengi wanakosea, boksi likifunguliwa tu waya ukutani. Mi niliiinua kidogo kuiweka mezani nikasikia ndani kitu kinabingirika, krrrr, tuk. Nikaiinamisha upande wa pili, krrrr, tuk. Mama yupo mlangoni kajifunga kanga akaniuliza "ndo milioni mbili hiyo inalia kama kayamba?"

Nikafungua kioo cha pembeni taratibu, kizima, sijui kwa dua ya nani. Ndani hakuna sponji, hakuna gazeti, hakuna chochote, kadi imeachwa inaning'inia kwenye mazabodi (ile bodi kubwa inayobeba vipuri vyote) safari nzima. Upande wa nyuma inashikwa na skrubu mbili, zote hazipo. Moja ndo iliyokuwa inacheza kayamba, nimeikuta juu ya ile kava ya chini, ya pili haionekani. Fikiria ningewasha na kile kichuma kimekaa juu ya mazabodi, ingepiga shoti nikaanza kulia mwenyewe. Nikaichomoa kadi, nikamulika sloti na tochi ya simu, haijapasuka, meno ya kadi masafi, nikairudisha mpaka kile kiklipu kikasema tak. Nikasukuma RAM zote mbili kwa kidole gumba, nikagusa feni ya prosesa haichezi, nikafuatilia waya mmoja mmoja. Nusu saa imeisha hiyo na umeme bado.

Halafu nikazungusha nyuma nione pa kuchomekea waya, nikakiona kiswichi chekundu kimeandikwa 230.

Nieleze vizuri hapa maana ndo kiini cha malalamiko yangu. Hicho kiswichi ni cha kuchagua umeme, 115 kwa nchi kama Marekani na 230 kwa sisi. Kikiwa 115 halafu ukachomeka kwenye umeme wetu, unasikia paa! na harufu, basi, hivyo kitu cha kwanza ukipokea mashine yoyote kiangalie. Changu kilikuwa sehemu sahihi, kwa hiyo hatari haikuwepo. Shida ni kwamba kiswichi chenyewe hakikutakiwa kuwepo. Pawa saplai zenye 80 Plus ya kweli karibu zote zinajirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240, hazina swichi, maana ili upewe hiyo 80 Plus lazima uwe na saketi ya kurekebisha umeme unaoingia, na ukishakuwa nayo swichi ya nini tena. Ukiona kiswichi chekundu na stika ya Bronze vinakaa nyumba moja, mmoja anadanganya, na swichi haijui kudanganya.

Nikafungua skrubu nne nikaitoa. Nyepesi kama boksi la biskuti. Stika yake imeandika 650W kwa herufi kubwa, ila kwenye kile kijedwali kidogo mstari wa volti 12 ambao ndo unalisha kadi na prosesa una ampea 20 tu. Zidisha mwenyewe, 12 mara 20 ni wati 240. RTX 3060 peke yake inakula mpaka 170, prosesa inataka 65 na kupanda, tayari umefika ukingoni hujahesabu feni wala kingine. NVIDIA wenyewe kwa hiyo kadi wanashauri wati 550 za kweli.

Nikampigia muuzaji saa tatu na nusu usiku. Kwanza akasema zote ziko hivyo. Nikamtumia picha ya jedwali. Akasema "boss hiyo inabeba, wateja wanacheza nayo fresh". Nikamtumia picha ya risiti yake mwenyewe iliyoandikwa 80 Plus Bronze. Kimya. Asubuhi akaja na ya kwamba labda nimeibadilisha mimi, ndo nikamtumia video nzima kuanzia stendi mpaka natoa ile pawa saplai bila kukata hata sekunde. Baada ya hapo akawa mpole, kumbe kijana wake wa kufunga mashine alichukua iliyokuwa karibu. Inawezekana, siwezi kuapa, ila kijana wa kufunga huwa analaumiwa sana nchi hii.

Ikachukua siku tisa mpaka mpya kufika. Siku tisa nina kompyuta ya gemu ndani na sichezi gemu! Vijana wa mtaani kila jioni "dada, limewaka?" Limewaka, ila nililiwasha kwa kukagua tu bila kulibebesha kazi nzito. Na hata hapo kulikuwa na kichekesho, mdogo wangu alichomeka kebo ya HDMI kwenye tundu la mazabodi, skrini nyeusi tii, jasho likanitoka. Ryzen 5 5600 haina kadi ya picha ya ndani, lazima uchomeke chini kule kwenye RTX yenyewe. Tukahamisha, ikawaka.

Kwenye ukaguzi duka nalipa sifa zake. Programu ya GPU-Z inayoisoma kadi ikanionyesha kumbukumbu GB 12, njia yake biti 192, na shedi (vile viini vidogo vya kuchora picha) 3584, hiyo ndo 3060 kamili, maana ipo nyingine ya GB 8 yenye biti 128, jina ni lile lile na ni dhaifu, wengi wanauziwa bila kujua. SSD kwenye programu ya CrystalDiskInfo inaonyesha imefanya kazi saa 4 tu, mpya kweli. RAM vipande viwili kama tulivyokubaliana ila zilikuwa zinakimbia kasi ya 2133 wakati ni za 3200, yaani hawakuwasha XMP, ule mpangilio wa kuiachia RAM kasi yake kamili, kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka). Kazi ya dakika moja, na mtu asiyejua angekaa miaka na gari linalotembea gia ya pili. Monita yangu nayo ni ya 144Hz, yaani inabadili picha mara 144 kwa sekunde, na Windows ilikuwa imeiweka 60, hiyo sio kosa lao, nataja tu ili na wewe ukaangalie yako.

Pawa saplai mpya ilipofika nikajua kwa mkono kabla ya kusoma, nzito, haina kiswichi, na mstari wa volti 12 una ampea 54. Safari hii wameifunga na sponji mpaka imepitiliza. Ile ya zamani nikawarudishia kwa basi, nauli wakalipa wao, baada ya mimi kuwakumbusha.

Nikaibana mashine kwa kazi nzito saa mbili mfululizo, gemu kwanza halafu kutoa video. Chumba changu Desemba kinafika digrii 31 na dirisha wazi, prosesa ikapanda mpaka 81, kikomo chake ni 90, kadi ikakaa 72. Feni iliyokuja na prosesa ni ndogo, inapiga kelele kama pikipiki ya mkopo, nitaibadilisha nikipata harusi nyingine. Video ya saa moja iliyokuwa inakula usiku mzima sasa hivi inatoka kabla ugali haujaiva, mama mwenyewe ameacha kuiita kayamba. UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, nimeweka, maana umeme wetu ukikatika sio ile kukatika unakuja fasta, unakuja kwa kishindo. Na kwa mnaokaa Shangani karibu na bahari, msiiweke dirishani jamani, ule upepo wa chumvi unakula vyuma, nimeshaona kasha la rafiki yangu lina kutu mwaka haujaisha.

Ningenunua tena kwao? Ndio, ila siku hiyo picha ya pawa saplai naitaka kabla kava haijafungwa, na kadi ije mkononi mwa konda kwenye boksi lake. Nawapa sita kwenye kumi. Ingekuwa nane kama asingejaribu ile ya "umebadilisha mwenyewe", hiyo bado inaniuma.

Skrubu ya pili ya kadi mpaka leo haijaonekana, nimeweka ya kwenye kompyuta mbovu ya ofisi aliyonipa mjomba. Rangi hazifanani, moja nyeusi moja ya fedha, na ukipita karibu na kile kioo inaonekana kabisa.