Saa ya wapanda milima iliyonyimwa dhamana kwa kupanda mlima

Naanza na nyota moja. Nikitulia huenda nikaongeza.

Mfuniko wa sanduku lake umechongwa mlima. Mgongo wa saa una mlima. Kitabu cha maelekezo ukikifungua tu unakutana na mtu ananing'inia kwenye kamba. Kisha karatasi ya kituo cha huduma ikarudi na mstari mmoja: dhamana haihusiki, saa imetumika kwenye mwinuko mkubwa. Niliisoma mara tatu nikidhani wamenipa karatasi ya mtu mwingine.

Ubovu wenyewe ulikuwa ukungu ndani ya kioo, kwenye namba 3, palepale kilipo kifundo cha kutilia ufunguo. Ulikuja kila saa ilipotoka kwenye joto la mfuko wa kulalia na kupigwa na upepo wa baridi, kisha ukapotea baada ya dakika kumi hivi. Msidanganyike na huko kupotea. Maji hayajatoka, yamegeuka mvuke tu, yamo humohumo, yanasubiri kioo kipoe tena. Huku nyuma yanakula mishale, kalenda na vyuma vya mashine.

Kijana wa kaunta hakushika hata lenzi. Alikizungusha kifundo kwa kidole gumba, akasema, "Kaka, hukukifunga vizuri. Halafu huko juu hewa ni nyepesi, kioo kimesukumwa." Nikamwomba karatasi ya kipimo cha presha. "Kaka, fundi akishasema, karatasi ya nini?"

Sababu mbili kwa pumzi moja, na kila moja inaua mwenzake. Kama kifundo kilikuwa wazi, hewa ya ndani na ya nje zilikuwa sawa, sasa kioo kisukumwe na nini? Na kama kioo kilisukumwa, basi saa ilikuwa imefungwa barabara.

Tuipime hiyo hewa nyepesi. Kwenye mita 5,500 hivi presha ya hewa ni karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari. Kileleni Everest ni kama theluthi moja. Saa iliyofungwa chini ina bar 1 ndani yake (bar ni kipimo cha presha, moja ni karibu sawa na hewa ya usawa wa bahari), kwa hiyo hapo mita 5,500 inasukumwa kwa nusu bar kutoka ndani kwenda nje. Kioo cha kipenyo cha milimita 30 kinapata msukumo wa kilo tatu na nusu hivi. Saa hii imeandikwa mita 200, yaani bar 20! Kweli, bar 20 inabana kioo kwa ndani na hii inakisukuma nje, hilo nawapa. Lakini kioo hakikusogea hata unywele, na ukungu haukuanzia ukingoni mwa kioo. Ulianzia kwenye kifundo.

Sasa kifundo. Kwenye saa za aina hii kinafungwa kwa hesi, ile mifereji kama ya skrubu, juu ya mrija mdogo uliopigiliwa ubavuni mwa kasha. Ndani yake kuna gasketi, yaani mpira wa kuzibia, inayokandamizwa juu ya mdomo wa mrija, na mara nyingi kuna oringi, pete ndogo ya mpira, ndani ya mrija inayokumbatia ule mti wa kutilia ufunguo. Kikiwa kipya, changu kilikaza kwa mizunguko mitatu na nusu. Kilipoanza kuleta matatizo kilikwama kwenye mbili. Hiyo ndiyo dalili, na mtu wa kaunta angeijua angehesabu badala ya kupekechapekecha. Kikikwama mapema, ama mchanga umeingia kwenye hesi, ama hesi zimepishana na kuliwa. Kwa vyovyote gasketi haikandamizwi, hata kama kwa macho kifundo kinaonekana kimekaa sawa. Kasha la titani ni baya zaidi hapo: titani ikisuguana na titani hushikana na kuchanika.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Oringi hubanwa vizuri zaidi presha inapokuwa kubwa, kwa sababu presha yenyewe huisukumia kwenye ukuta. Presha ndogo haiisaidii. Ndiyo maana saa inaweza kufaulu kipimo cha bar 10 na bado ikavuja polepole kwa nusu bar, hasa mpira ukishakakamaa kwa baridi. Ukifungua kifundo juu mlimani ili urekebishe saa, ukakifunga hukohuko, umefungia hewa hafifu ndani. Ukishuka, nje kuna presha zaidi, na saa inavuta hewa yenye unyevu kupitia tundu lolote itakalolipata. Kwa hiyo rekebisha saa kabla ya kupanda, kisha usikiguse kifundo mpaka ushuke.

Namna ya kukifunga: kirudishe kwanza kinyume, kwa kukibonyeza kidogo tu, mpaka usikie kinadondoka kwenye hesi. Hapo ndipo uzungushe mbele ukihesabu. Kikigoma, acha. Usikikaze kama nati ya gurudumu, utaikata gasketi. Na usifunge ukiwa na glovu nene, huwezi kusikia ule mdondoko.

(Hapa nikiri. Glovu nilikuwa nazo, tena zaidi ya mara moja. Kwa hiyo yule kijana huenda alipatia nusu, ingawa alipatia kwa kubahatisha, na hakuna neno "glovu" kwenye kitabu chao chote chenye picha ya mtu aliyevaa glovu.)

Ukitaka kujua kama unyevu umeingia, ipashe saa moto wa nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 10 hadi 30, weka tone la maji ya kawaida katikati ya kioo, subiri dakika moja, ufute. Ukungu ukibaki chini ya pale palipokuwa na tone, peleka kwa fundi. Kuifukia kwenye mchele huku kifundo kimefungwa ni kuuhangaisha mchele bure.

Changu kilishughulikiwa na fundi mwingine, mzee asiye na kaunta wala sare. Alibadilisha mrija, kifundo na gasketi ya mgongo, akaipima kwanza kwa hewa na kisha kwa maji, akanipa karatasi yenye namba bila kuombwa. Kitu kilichochakaa kabisa kilikuwa pete ya mpira nyembamba kuliko tambi. Hiyo ndiyo waliyoninyimia dhamana!

Tangu hapo saa inazidi sekunde 2 kwa siku, wakati kiwango cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, kinaruhusu kuzidi hadi 6 au kuchelewa hadi 4. Mng'ao wa mishale usiku unasomeka hadi alfajiri. Kioo cha yakuti hakina mkwaruzo. Inaniudhi jinsi ilivyo nzuri. Msafara wa 1953 uliowafikisha Hillary na Tenzing kileleni Everest ulibeba saa za Rolex na za Smiths zenye kioo cha plastiki, na saa hii ni ngumu kuliko zile kwa mbali. Kwamba watengenezaji wake wanaogopa mita elfu tano, hilo ndilo sijalielewa hadi leo.

Nilisema usinunue? Sijasema, ila nilikusudia kusema. Nunua, lakini siku ya kwanza hesabu mizunguko ya kifundo na uandike nyuma ya kadi ya dhamana, maana kadi hiyo haina kazi nyingine. Nyota tatu basi, na mbili kati ya hizo ni za yule mzee.