Uzoefu wangu na chaja ya hatua tatu: mkondo mtulivu na umri wa betri

Chaja niliyoinunua kwa ajili ya betri ya inveta dukani kwangu, hapa Dar es Salaam, ni ya volti 12 na ampea 10, ina hatua tatu za kuchaji (kujaza kwa kasi, kumalizia, kisha kushikilia chaji) na waya wa kupimia joto. Kinachonifanya niithamini si kasi yake, bali utulivu wa mkondo wake.

Chaja ya awali, ya transfoma na dayodi nne (vipitishaji vya umeme upande mmoja tu) bila kapasita ya kulainisha umeme, ilikuwa ikisoma volti 13.7 kwenye mita, kiwango ambacho fundi yeyote angekipitisha. Hata hivyo, mita ilipogeuzwa upande wa AC, yaani wa kupima umeme unaopanda na kushuka, na kugusishwa kwenye vichwa vya betri ileile, ilisoma karibu volti 0.3. Kumbe ndani ya wastani ule mzuri mkondo ulikuwa ukipanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Mawimbi hayo hayaongezi chaji. Huishia kuwa joto ndani ya betri, nalo joto huharakisha kutu ya gridi za risasi kwenye bamba chanya na kukausha maji. Kanuni ya kawaida ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wa betri kwa nusu. Betri yangu iliyotangulia ilivimba ubavuni kabla ya wakati wake, na sishangai.

Kwa chaja hii, usomaji wa AC hauzidi volti 0.02, na ukiweka kiganja ubavuni mwa betri usiku, chaji ikiwa imejaa, husikii joto lolote. Waya wa joto nao unafanya kazi kweli: chumba kikifika nyuzi 35, volti za kushikilia chaji hushuka kutoka 13.65 hadi karibu 13.5, na kwa joto letu la Februari hilo ni jambo kubwa mno.

Isinunuliwe kwa matumaini ya kufufua betri iliyokaa miezi mingi bila chaji, kwani salfeti (fuwele za risasi zinazoganda betri ikikaa bila chaji) ikishakomaa kwenye bamba, mkondo mtulivu hauiondoi. Waya wa joto pia ni mfupi, hivyo chaja inalazimika kukaa karibu na betri. Yangu ni ya kufungwa, lakini mwenye betri ya maji aurefushe kwanza, kwa sababu ya haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka, inayotoka wakati wa kuchaji.