Lancia Fulvia Coupé: Fungua Boneti Kwanza, Ndipo Tuongee

Habari zenu wakuu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sina salamu ndefu. Hili mnaloliona nyuma yangu ni Lancia Fulvia Coupé, toleo la Rallye 1.3, na niko Torino, Italia, nyumbani kabisa kwa Lancia. Mzee mwenye gari ameniachia funguo asubuhi hii, kwa hiyo twende kazi.

Urefu, upana, uzito, hayo mtayapata popote, siyasomi hapa. Ila kuna jambo linaniudhi. Kila wiki mnaniandikia: utaleta lini Ferrari? Nitaleta. Lakini mtu akiniambia gari la michezo la Kiitaliano ni Ferrari na Lamborghini basi, huyo nampeleka moja kwa moja hapa mbele. Mshika kamera, sogea. Sogea kabisa.

Haya, tazameni. Boneti juu. Kitu cha kwanza mnachokiona ni kwamba injini imelala. Si kwamba vishikio vyake vimevunjika, imelazwa kwa makusudi, digrii 45 kuelekea kushoto, ili boneti ipate kuwa chini namna hii. Sasa tafuteni silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Hii ni V4, silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, sivyo? V ya kawaida ina hedi mbili, moja huku na moja kule. Hapa napapasa na mkono wangu, mnaona, ni moja tu! Fanyeni hivi pamoja nami: nyoosheni vidole viwili, alama ya ushindi. Hiyo ndiyo V mliyoizoea. Sasa vibaneni mpaka vikaribie kugusana. Hapo! Pembe yake ni kama digrii 13. Silinda zimebanana kiasi kwamba hedi moja inazifunika zote nne, na ndani yake mna kamshafti mbili: moja inafungua valvu zote za kuingiza hewa na mafuta, nyingine inafungua zote za kutolea moshi. Plagi hizi hapa, kabureta zake mbili hizi hapa, mkono unafika bila kuchubuka.

Mtauliza, shida yote hii ya nini? Angalieni magurudumu ya mbele yako wapi. Injini yote imekaa mbele yake, kwa sababu gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele, na giaboksi iko nyuma ya injini. Ungeweka silinda nne kwa mstari, pua ingefika mtaa wa pili. Ndiyo maana wakaifupisha. Na hawakuanza juzi. Vincenzo Lancia alianzisha kampuni 1906, na V4 za kubana walikuwa nazo tangu gari lao la Lambda la 1922. Hii ya Fulvia aliichora mhandisi Ettore Zaccone Mina, ikatoka kwanza kwenye Fulvia ya milango minne ya 1963. Coupé ikafuata 1965, injini ya lita 1.2, nguvu farasi 80, breki za diski magurudumu yote manne. Mwaka 1965, wakuu!

Umbo ni la Piero Castagnero, aliyevutiwa na boti za Riva, zile boti za mbao za Kiitaliano. Tazameni nguzo za paa zilivyo nyembamba. Nikikaa ndani naona nje pande zote. Dashibodi ina mbao halisi. Nisiendelee hapo, nitamaliza video kwenye dashibodi.

Kona je? Sitawaficha. Uzito wote uko puani, ukiingia kona kwa pupa gari linataka kwenda mbele badala ya kugeuka. Unatulia kwanza, unaingia taratibu, halafu unakanyaga mafuta, na linajivuta lenyewe. Alfa Romeo ya enzi hizo inacheza zaidi kwa nyuma, nakubali. Lakini nipeni barabara yenye utelezi, nachagua hili.

Na ushahidi upo. Mbio za magari za Monte Carlo 1972, Porsche 911 na Alpine za Ufaransa zikiwa na nguvu kuliko Fulvia, aliyeshinda ni Sandro Munari na Mario Mannucci kwenye Fulvia 1.6 HF, toleo la mashindano la lita 1.6. Kabla ya hapo Harry Källström alishinda mbio za RAC Uingereza mara mbili mfululizo, 1969 na 1970. Mwaka 1972 Lancia wakabeba ubingwa wa kimataifa wa watengenezaji. Halafu Pasaka ya 1974, Safari Rally, Nairobi, tope hadi magotini: Joginder Singh wa kwanza na Mitsubishi Lancer, Björn Waldegård wa pili na Porsche, na wa tatu Munari na Lofty Drews kwenye Fulvia Coupé, gari la umbo hili hili la 1965!

Ile ya 1.6 ndiyo wanayoiita Fanalone, yaani taa kubwa, kwa zile taa mbili kubwa za katikati. Nguvu farasi 115, gia tano. Ukiitaka leo, jiandae, bei imepaa. Rallye 1.3 kama hii bado inashikika ukiiweka kando ya 911 ya umri wake. Tahadhari mbili: watu huchukua Coupé ya kawaida wakaigeuza Fanalone, kwa hiyo kagua namba za chasisi. Pili, lala chini utazame fremu ya mbele inapofungwa kwenye bodi. Kutu ikiingia pale, usitoe hela.

Kilichoimaliza Fulvia? Gharama. Injini ya namna hii ni ghali kutengeneza, Lancia wakazama kwenye madeni, Fiat wakawachukua 1969. Lancia Beta ya 1972 ikaja na injini ya asili ya Fiat. Coupé ikajikongoja mpaka 1976. Mimi hilo bado linaniuma.

Jumapili tuko mubashara, zamu ya Lancia Stratos, kwa hiyo bonyezeni kengele. Na kama una baba au babu aliyesimama kando ya barabara Safari ya 1974, muulize leo hii kama anaikumbuka Fulvia ikipita, uniandikie hapo chini. Nitayasoma yote Jumapili.