Kamera ya mpenda rangi ya chungwa: nenda dukani na karoti

Desemba iliyopita mkrismasi wetu hapa Raskazone, Tanga, ulichanua hadi majani hayaonekani. Nikaupiga picha kwa simu mpya ya laki sita, nikamrushia shangazi yangu Muheza. Akajibu: "Mwanangu, hizo nyanya shilingi ngapi?"

Hakukosea. Maua yamekuwa bonge moja jekundu, hayana mshipa wala kivuli. Nilidhani mkono ulitetemeka. Kumbe kihisi cha kamera hupima nyekundu, kijani na bluu, kila moja peke yake. Ua la rangi ya chungwa kama hilo lina nyekundu tele, kijani kiasi, bluu kiduchu. Kamera inakadiria mwanga wa picha nzima, inaona bado kuna nafasi, kumbe nyekundu imeshajaa na kumwagika. Kilichoungua hivyo hakirudi, hata uhariri mpaka alfajiri.

Megapikseli sizigusi, muuzaji atakuimbia hizo.

Kamera ya kwanza ninayokushauri ni Fujifilm X-T30. Mimi mtu wa Fujifilm, sijifichi. Ukichungulia unaona rangi na mwanga utakavyotoka kabla hujabonyeza. Ina mitindo ya rangi: Velvia ni kali, iachie machweo, maua yapigie Astia, ni laini. Halafu mizani ya nyeupe, ile inayoamua rangi za picha zielemee wapi, itoe kwenye otomatiki, iweke alama ya jua na uiache hapo. Sisi Tanga jua huchomoza baharini na kuzama upande wa Usambara, na ile otomatiki ikiona anga imekuwa chungwa inadhani ni kosa, inaisafisha. Usiku nako hivyo hivyo: makaa ya mchoma mishikaki yanatoka yamepauka kama yamemwagiwa maji.

Ya pili, Canon EOS 700D ya mwaka 2013, mtumba. Ukishapiga inakuletea grafu za rangi tatu. Ya nyekundu ikibanana ukuta wa kulia, punguza mwanga kituo kimoja, yaani nusu yake, rudia.

Simu? Chukua yenye modi ya Pro, unayorekebisha mwenyewe, na inayohifadhi RAW, yaani picha ghafi. Basi.

Sasa karoti. Ningesema chungwa, ila la Muheza huiva na ganda lake bado kijani, maana usiku wetu hauna baridi ya kulibadilisha. Iweke karoti juani mlangoni mwa duka, piga, kuza picha. Ukiona vile vistari vya ganda, lipa. Ukiona kijiti kitupu cha rangi, aga.

Wauzaji hawataki kabisa. Mmoja aliniambia, "Dada, kamera haijaribiwi kwa mboga." Huyo huyo alikuwa akiuza mtumba kwa bei ya mpya, chaja analipisha mbali, mkanda mbali, na betri aliyonipa ilizimika Usambara bado haijalimeza jua.